Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Shule yetu hapa kilimani, kati ya Keumbu na Nyamira, siku hizi ina madarasa ya mawe na mabati ya kijani, na wajukuu wangu hudhani ilizaliwa hivyo. Hapana. Ilianza nyumbani mwangu. Pale nilipokuwa nikimlaza mtoto wangu wa kwanza ndipo ubao uliposimamishwa, na nilipokuwa nikiweka mitungi ya maji wakakaa watoto wa darasa la kwanza.

Mume wangu Thadeus, mwana wa Mzee Nyangau, alirudi kutoka vita vya Burma akiwa amejifunza mambo mawili: kusoma, na kupenda nyumba kubwa. Aliponioa hakujenga nyumba ya mviringo kama za wazee. Alijenga ya pembe nne, ndefu, yenye madirisha. Watu walikuja kutazama. Nyamongo, jirani yetu ambaye ulimi wake haukujua kupumzika, aliuliza, "Thadeus, hii ni ya mke mmoja ama umeoa kikosi kizima?"

Mwaka wa 1948 baraza la wilaya likakubali kutupa mwalimu, lakini nyumba ya kufundishia tutafute wenyewe. Mwalimu akaja na sanduku lake la bati. Aliitwa Opondo, kijana wa upande wa ziwa. Ekegusii hakukijua, Kijaluo sisi hatukukijua, kwa hiyo tukaongea Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa upande wake. Wazee wakakaa, wakatazama kilima chote, wakaona nyumba inayotosha watoto ni ile yetu tu. Thadeus akasema, chukueni. Mimi na yeye na mtoto tukahamia jikoni.

Siku ya kwanza nilinuna. Siku iliyofuata nikasimama mlangoni, mtoto mgongoni, nikasikiliza watoto wakiimba herufi. Mimi nilikuwa nimefika darasa la pili huko misheni kabla mama yangu hajaugua na kuniita nyumbani. Silabi nilizijua, lakini sentensi ikiwa ndefu nilipotea katikati, kama mtu aliyeingia shamba la mahindi bila njia. Baadaye kidogo nikaingia, nikaketi nyuma.

Mwalimu Opondo akaniangalia. "Mama, unatafuta kitu?"

"Hii ni nyumba yangu," nikamwambia.

"Basi karibu kwako," akasema, akaendelea kufundisha.

Hivyo ndivyo nilivyorudi shule. Mama mkwe wangu, Nyamoita, hakunikataza. Mke aliye nyumbani kwake nani atamuuliza anafanya nini? Nikisikia uji unafurika ninatoka, nikiuepua ninarudi. Lakini nilijua vizuri kwamba kama ningelazimika kutoka bomani kwenda shule, hata hatua chache tu, hapo ningehitaji ruhusa. Na mke mwenye mtoto kuomba ruhusa ya kwenda kusoma, kwa siku zile, ilikuwa kama kuomba ruhusa ya kuvaa suruali.

Sasa nieleze kosa letu, maana ni kosa ambalo watu wa kwingine hawangeweza kulifanya. Sisi Abagusii tuna chinsoni, heshima ya kuoneana haya. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Haingii hata mvua ya mawe ikimkuta uani. Na si baba mzazi peke yake, bali wanaume wote wa rika lake katika ukoo, hao wote ni baba. Kilima chetu ni ukoo mmoja. Kwa hiyo hapakuwa na mzee hata mmoja aliyeweza kukanyaga kizingiti cha shule, na wazee hao ndio waliokuwa kamati! Walipochagua nyumba walifikiria upana na madirisha. Hakuna aliyefikiria kwamba siku moja wao wenyewe wataitwa ndani.

Siku hiyo ikafika, mwaka uliofuata. Mkaguzi wa shule, Mzungu mrefu, alikuja na chifu. Aliingia, akasikiliza watoto, akaridhika. Kisha akauliza, "Kamati iko wapi?"

"Ile pale, Bwana," Mwalimu Opondo akasema, akionyesha wazee waliokaa nje kwenye nyasi.

"Waambie waingie."

Hakuna mzee aliyeinuka. Mzee Nyangau, mwenyekiti wao, alikuwa akichunguza fimbo yake kana kwamba ameinunua asubuhi ile.

"Tuko vizuri hapa, Bwana," akasema. "Jua ni zuri."

"Hamtaki kuona watoto wenu wakisoma?"

"Tunawasikia."

Mkaguzi akawa mwekundu. Akasema shule ambayo wazee wake wanakataa hata kuingia ndani ni shule isiyopendwa. Ng'ambo ya mto watu wameomba mwalimu kwa muda mrefu. Heri Opondo aende huko.

Mimi nilikuwa nyuma ya darasa, mtoto akinyonya, na maziwa karibu yanikauke. Mwalimu akivuka mto, mimi sivuki.

Ndipo Thadeus akasogea. Kusema mbele ya wazee juu ya jambo kama lile kulimpa aibu, jasho likamtoka. "Bwana, wazee hawakatai shule. Wanakataa nyumba yangu. Mimi ni mtoto wao na nina mke. Hapa hawataingia mpaka kufa."

Mkaguzi alimtazama, akawatazama wazee, akamtazama chifu, na chifu akatikisa kichwa kwamba ni kweli.

"Basi nitarudi kabla ya Pasaka," akasema. "Nione nyumba ambayo si ya mtu, na kamati ndani yake. Nisipoiona, mwalimu anavuka mto."

Jioni ile ile Mzee Nyangau akatoa kipande cha shamba karibu na barabara, alichokuwa amekilima tayari kwa wimbi. Hakufanya mkutano. Alipeleka jembe lake akalisimamisha katikati, watu wakaelewa.

Tukaanza risaga, kazi ya kusaidiana ambayo kila boma hutoa mikono na anayefanyiwa hutoa chakula. Lakini safari hii tulijifanyia wenyewe, basi kila mtu alikuwa mgeni na kila mtu alikuwa mpishi. Chinsoni nayo ilitufuata mpaka huko. Kukandika ukuta ni kazi ya wanawake, na huwezi kukanyaga udongo na samadi bila kufunga nguo juu ya magoti. Baba mkwe hawezi kusimama hapo akitazama. Kwa hiyo tukagawana siku. Asubuhi wanaume walisimamisha nguzo, wakafunga fito, wakaezeka. Jua likipita utosini waliondoka wote, ndipo sisi tukaja na udongo.

Mimi nilikandika ukuta ule kwa moyo wa ajabu. Nilitaka uishe, shule isivuke mto. Hapo hapo kila konzi ya udongo niliyopiga iliitoa shule nyumbani mwangu. Ukuta ukikauka, nitakuwa mke wa jikoni kama wengine, nikisikia watoto wakisoma kwa mbali. Sikumwambia mtu. Niliendelea kupiga udongo.

Mvua za masika zilikuwa zimekaribia, na mkaguzi alitangaza kuja Jumatatu. Alhamisi paa lilikuwa limeezekwa upande mmoja na nusu ya upande wa pili. Nyasi zilichelewa kufika kutoka bondeni, wanaume wakapitiliza saa zao. Sisi tulikuwa tumeshamwaga maji kwenye udongo, na udongo uliolowa haungoji mtu. Tukaja tukiimba, ili watusikie wakiwa mbali. Wakaruka chini mmoja mmoja, wakakimbilia migombani kama wezi wa ndizi. Nyamongo akabeba ngazi yake begani, maana alikuwa mchoyo wa ngazi ile, halali bila kuiona ukutani kwake.

Tukafunga nguo, tukaingia kwenye udongo mpaka magotini. Tulikuwa tumefika katikati ya wimbo, mara tukasikia mtu anakohoa juu ya vichwa vyetu.

Tukaganda. Mama mkwe wangu Nyamoita akainua uso.

"Ni nani huko juu?"

"Paka," sauti ikajibu.

"Paka gani anakohoa?"

"Paka mzee."

"Nyangau! Unafanya nini juu ya wake za watoto wako?"

"Nafanya nini? Naezeka! Nilikuwa upande wa pili, sikuwasikia. Nyamongo amekwenda na ngazi."

"Shuka basi."

"Nishukie wapi? Mmezunguka nyumba kama siafu. Niteremke kwa nguzo kama nyani, wake za wanangu wanitazame, nikiwaonyesha nini?"

Wanawake wakaziba midomo kwa mikono yenye udongo. Mimi nilijificha nyuma ya nguzo, nguo nimeishusha yote ikalowa. Mmoja akasema tuondoke, tumpishe mzee. Nyamoita akatazama upande wa kilima cha Manga, ambako wingu lilikuwa limekaa jeusi kama sufuria.

"Hatuondoki," akasema. "Udongo huu ukiharibika, mwingine utakandikwa lini? Na wewe, Nyangau, hushuki. Sisi tutatazama chini, wewe utatazama nyasi zako. Ezeka!"

"Nyasi zimeisha huku."

Hapo ndipo Mwalimu Opondo akawa mtu wa maana kuliko sisi sote. Yeye hakuwa baba wa mtu wala mkwe wa mtu. Alifika kutoka darasani, akavua viatu, akaanza kumrushia mzee mafungu ya nyasi.

"Mwalimu," mzee akaita, "wewe huna mchumba kwenye kilima hiki?"

"Bado, Mzee."

"Usitafute mpaka paa liishe!"

Mchana ule sijauona tena maishani. Sisi chini tunapiga udongo, yeye juu anafunga nyasi, na hakuna anayemtazama mwenzake. Sisi tukiongeza wimbo, yeye anaongeza mkono. Nilitoka nikapika uji wa wimbi, Mwalimu akautia kibuyuni, akakitundika kibuyu kwenye ufito mrefu wenye panda na kumpandishia. Akaonja, kisha sauti ikashuka.

"Mwalimu, mwambie aliyepika uji huu kwamba mimi sikuomba maji ya kunawa."

Wote wakanigeukia. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Mwalimu," nikasema, nikitazama miguu yangu, "mwambie aliye juu kwamba uji mzito ni wa wanaomaliza kazi."

Nyamoita alinikodolea macho. Halafu paa zima likaanza kutikisika, nyasi zikatudondokea, na tukajua Mzee Nyangau anacheka. Tangu niolewe sikuwa nimewahi kumsikia akicheka.

Matone ya kwanza yalipoanguka, alikuwa akifunga fungu la mwisho kileleni. Mvua ikashuka kwa kishindo. Tulisimama ndani, tukainua nyuso, tukangoja. Paa halikuvuja hata tone. Maji yaliteremka kwenye ukingo wa nyasi mbali na ukuta, na udongo wetu mbichi ukabaki pale pale tulipoubandika. Nyamoita akapiga kigelegele, sote tukampokea, na kutoka juu kwenye mvua sauti ikauliza, "Sasa mnaweza kwenda nyumbani, ama nife huku na paa langu?" Tukafunika vichwa tukakimbia bila kugeuka, na Thadeus akaenda kudai ngazi kwa Nyamongo.

Jumatatu mkaguzi akaja. Alizunguka nyumba, akabonyeza ukuta kwa kidole.

"Hii ni nyumba ya nani?"

"Si ya mtu," Mzee Nyangau akasema. Akainama mlangoni akaingia wa kwanza, kofia mkononi. Wazee wote wakamfuata, Nyamongo akiwa wa mwisho, wakajaza mabenchi ya mbele. Walitazama ubao kama watu waliofika mjini.

Na kwa kuwa nyumba haikuwa ya mtu, hata mimi niliweza kuwa ndani. Niliketi nyuma kabisa karibu na ukuta, mtoto mgongoni, mbali na wao, kama heshima inavyotaka. Nilijiambia, leo ni mara ya mwisho, basi nikae.

Mkaguzi hakutaka watoto wamsomee walichokariri. Alichukua chaki akaandika mwenyewe sentensi ndefu, kutoka ukingo mmoja wa ubao mpaka mwingine. Watoto wakubwa walianza, wakakwama. Akatazama darasa. "Yule mama pale nyuma, ni mwanafunzi?"

Mwalimu Opondo hakusita. "Ni mwanafunzi wangu, Bwana."

"Asome."

Nikasimama. Mbele yangu kulikuwa na visogo vya baba wakwe zangu wote, na hakuna kilichogeuka. Nikaishika sentensi mwanzoni nikaenda nayo taratibu, neno kwa neno, na safari hii sikupotea katikati: "Mama aliyerudi kutoka shambani anawapikia watoto uji wa wimbi, nao wanangoja kwa furaha karibu na moto."

Nikafika mwisho.

"Vizuri sana," mkaguzi akasema. Akamgeukia Mzee Nyangau. "Mwenyekiti, mwalimu atabaki. Na huyu mama je, ataendelea?"

Nilishika benchi. Neno la ruhusa lilikuwa limefika kwa mwenyewe, mbele ya Mzungu na chifu na ukoo mzima. Thadeus mlangoni aliacha kupumua.

Mzee Nyangau hakugeuka. Alizungumza na ubao.

"Mwalimu, mwambie huyo aliyesoma kesho asichelewe. Mtoto atabaki na Nyamoita."

"Nimesikia!" Nyamoita akaitikia kutoka nje ya dirisha, ambako hatukujua amesimama. "Mleteni hapa sasa hivi!"

Mtoto akapitishwa dirishani kutoka mkono hadi mkono, na mimi nikakaa.

Nilimaliza darasa la nne katika nyumba ile. Mzee Nyangau alizoea kuingia Ijumaa, akaketi benchi la mbele, midomo yake ikifuata herufi kimya kimya. Mimi niliketi nyuma. Hatukuwahi kutazamana, na tulisoma ubao mmoja.