Arobaini ya Nyambizi

Kwa miaka tisa Chaman, muuza misumari mstaafu wa Wembley, alichimba habari za nyambizi moja ya Kiingereza, na hakuna aliyewahi kumwuliza hata swali. Mara ya mwisho alipozisimulia maktabani walikuja watu watatu, na mmoja alifuata pa kuchajia simu. Poonam wa maktaba akamwambia taratibu, "Anko, Jumamosi wasipofika kumi, ile nyambizi yako ya mbao itaondolewa dirishani. Watu wa yoga wanapataka pale."

Chaman akamwendea Séraphin, Mkongo anayesafisha maktaba. "Ndugu yangu, waambie wenzako wa kwaya. Jumamosi saa nane, C arobaini!"

Séraphin akashika kifua, akaahidi.

Jumamosi Chaman alikuta chumba kimejaa pomoni. Wanawake wamejitanda vitambaa vyeusi, na mezani sufuria ya pondu, kisamvu cha Kikongo, inafuka. Anne-Marie, kiongozi wa kwaya, akamkumbatia.

"Pole sana, papa Chaman."

"Asante," akasema Chaman. Mombasa alikozaliwa, pole haikataliwi.

"Alizaliwa mwaka gani?"

Swali! Chaman, ambaye ngeli hazikuwahi kumkaa kinywani, akajibu kwa furaha, "Alizaliwa elfu moja mia tisa na tisa."

"Yesu! Zaidi ya miaka mia! Na alikufa na nini?"

"Alizama."

"Mzee wa umri ule, nani alimpeleka kuogelea?"

Hapo Chaman akaelewa. Mlangoni Poonam alikuwa ameanza kuhesabu vichwa. Angenyamaza dakika mbili tu, dirisha lingekuwa lake. Lakini akakohoa.

"Jamani, hakuna msiba. C arobaini ni jina la nyambizi iliyozama na watu kumi na sita."

Watu wote wakamgeukia Séraphin.

"Baba, mimi nina kosa gani? Wewe ulisema, 'Jumamosi saa nane, si arobaini!' Nikajua unanikumbusha."

Mtu akaanza kufunika sufuria. Anne-Marie akamshika mkono.

"Ngoja kwanza. Hao kumi na sita ni kweli walikufa?"

"Kweli. Na panya weupe watatu, waliowekwa humo wanuse mvuke wa petroli wawaonye watu."

"Walifanyiwa arobaini?"

"Kwao hawana desturi hiyo, mama."

"Miaka mia wanangoja! Kaeni chini. Papa, soma majina."

Chaman akasoma. Kila jina kwaya iliitikia kwa sauti ya chini, nalo jina la mpishi likamtoa machozi Séraphin.

"Na panya je, tuwalilie?" sauti ikauliza nyuma.

"Paka wawalilie," akasema Anne-Marie, "huku kwetu wamebaki tele."

Poonam akamsogelea Chaman na karatasi yake. "Ishirini na saba, anko. Huyu mtoto wa mgongoni anayelia nimhesabu?"

"Mhesabu," Chaman akanong'ona. "Ndiye peke yake aliyelia bila kuuliza marehemu ni nani."