Tunu Hajapanda Pantoni

Waride alikwenda Kibiti kwa sababu ya picha. Alikuwa ameziona kwenye simu: watu wa nchi za mbali wako likizo, wamekaa dirishani mwa mkahawa, kikombe mkono huu, kitabu mkono huu, wala hakuna anayewauliza neno. Yeye mwaka mzima alikuwa akifundisha fasihi kwenye sekondari moja ya Temeke na kusahihisha insha za watoto wanaojitungia mwisho wa riwaya ambazo hawajazisoma, na riwaya alizojinunulia mwenyewe zilikuwa zikila vumbi juu ya kabati. Shule zilipofungwa mwezi wa sita akazitia zote kwenye begi, akaenda kwa shangazi yake Maimuna. Likizo hii, alijiapia, ni ya kitabu na kahawa, basi.

Kahawa Kibiti ipo, tena kahawa hasa. Ila haina dirisha. Iko pale kwa Salumu, nyuma ya maduka ya stendi: mabenchi yanayoyumba, jiko la mkaa, birika, vikombe vidogo, kashata ndani ya kopo, na wanaume. Mwanamke hakai pale. Anapita, anasalimu, anakwenda zake. Waride alikaa. Akaagiza kahawa, akafungua riwaya nene yenye picha ya mwanamke na sanduku kwenye jalada, akaanza kusoma huku midomo ikimchezacheza, maana ndivyo asomavyo akinogewa. Waliokuwa wakicheza drafti wakasahau zamu ya nani.

"Samahani bibie," Salumu aliuliza kwa adabu. "Mwenzetu ni nani?"

"Mimi mwalimu."

"Aa. Na hicho?"

"Kitabu. Nimekuja kusoma tu."

"Unajisomea mwenyewe, au hata watu unawasomea?"

Waride alifurahi. Watu wachache mno huwauliza walimu habari za kazi yao. "Hata watu nawasomea. Ndiyo kazi yangu."

Hapo ndipo alipojimaliza. Maana upande ule wa pwani, mwalimu mwenye kitabu kinene, anayetikisa midomo na kuwasomea watu, si mtu wa chaki. Huyo ni mwalimu wa kitabu: unampelekea shida yako, anafunua kurasa, anakwambia mbuzi wako yuko wapi na nani anakuonea kijicho. Wanaume wakasogeleana kumpa nafasi. Kwa mwalimu wa kitabu, hata uanamke unasamehewa.

Kesho yake akaja Bi Mwantumu, jirani, anamlilia mbuzi wake aliyepotea. "Mwalimu, hebu niangalizie." Waride akacheka, akaeleza kwamba hii ni hadithi ya kutunga, haina habari za mbuzi. "Wee soma tu hapo ulipo," Bi Mwantumu akasihi. Ili aachwe, Waride akasoma: "'Alikuwa kajificha uani kwa jirani, anatafuna kimya kimya.'" Kwenye riwaya huyo alikuwa mtoto aliyeiba maandazi. Pale Kibiti akawa mbuzi, tena alikutwa uani kwa jirani kweli, anamalizia pindo la kanga.

Basi, likizo ikaishia hapo. Watu walianza kuja kutoka Bungu na Ikwiriri. Kitabu kiliposema mvua ilinyesha Jumanne, wakulima wakaondoa ufuta wao juani siku ya Jumanne. Jua likawaka mpaka jioni, na hakuna aliyekilaumu kitabu, wakasema mvua ilikuwepo ila imecheleweshwa na watu wabaya. Bwana mmoja alikuja toka Ngarambe kuulizia tembo wanaomlia mahindi. Waride akapekua sura baada ya sura, jasho linamtoka, hakukuta tembo. "Kitabu kizima hakina tembo?" yule bwana aliuliza, akaondoka ameudhika kabisa. Kila Waride alipoapa kwamba yeye hajui kitu, wanabaraza walitazamana kwa heshima: mwalimu wa kweli hajisifu.

Lakini wote hao ni wageni. Mwenyeji wa benchi alikuwa Mudathiri, fundi wa mashine za boti, kijana mpole mwenye mikono isiyotakata. Mkewe Maryam alikuwa ameondoka kurudi kwao huko delta. Sababu ni mashine. Mudathiri aliogopa wezi, akawa anailaza mashine ya boti chumbani, ubavuni mwa kitanda, ameifunika kanga ya mkewe. Maryam akamwambia achague, mimi au mashine. Mudathiri akaomba apewe muda wa kufikiri.

Sasa ndani ya riwaya mlikuwa na Tunu, mwanamke wa kwenye jalada, aliyemkimbia mumewe na sanduku lake. Mudathiri alipolisikia hilo, kikombe kilimtoka mkononi. "Huyo Maryam," akasema. Tangu hapo hakugusa spana. Alikuja na jua, akaondoka na jua, kusikiliza Tunu kafika wapi. Wajomba zake walikuwa wanamtaka aandike talaka aoe binti wa Ikwiriri, naye akawapa jibu moja: Tunu akirudi kwa mumewe, na Maryam atarudi, basi yeye atamngoja. Asiporudi, ataandika.

Waride alimwonea huruma, na papo hapo alitamani kumzaba kibao. Kwa sababu kitabu kilikuwa kimenoga! Tunu alikuwa amefika kivukoni, pantoni inapiga honi, mguu mmoja ameuinua, na kule ng'ambo ndiko kwa mumewe. Waride alitaka kufa asome ukurasa unaofuata. Hawakumruhusu. Mudathiri aliogopa. Mzee Abdulhalim, ambaye kesi yake ya shamba ilikuwa imekaa vizuri kwenye ukurasa ule, alikataa katakata ukurasa kufunuliwa mpaka hukumu itoke. Na ili mwalimu asije akaenda mbele peke yake nyumbani, Salumu akawa anakivisha kitabu kitambaa cheupe kila jioni na kukifungia kabatini, karibu na tangawizi. Vile vingine vya kwenye begi wakavifungia pia, visije vikasema maneno tofauti.

"Shangazi, nimekuja kusoma," Waride alilalamika nyumbani, machozi yakimlengalenga. "Nimenyang'anywa vitabu na watu wanaovipenda kunizidi."

"Mwanangu," Maimuna akamjibu akipepeta mchele, "na mimi kabla hujaondoka nina jambo langu la kuangaliziwa."

Habari zikashuka mpaka Nyamisati, zikapanda boti, zikafika delta. Ndipo adhuhuri moja Maryam mwenyewe akatokea pale kwa Salumu, begi mkononi. Hakukaa.

"Kiko wapi hicho kinachonisema?"

Salumu akakitoa, akafungua kitambaa. Maryam akauliza, "Mwisho wake nini?"

"Sijui, dada yangu," Waride akasema kwa uchungu. "Hawaniachi nifike."

Maryam akakipokea, akafunua mwishoni, akasoma akiwa amesimama, polepole, bila kutikisa mdomo. Kahawa ilipoa vikombeni. Mzee Abdulhalim akaziba masikio. Mudathiri alimtazama mkewe usoni kama mgonjwa anavyomtazama daktari asomaye majibu.

"Amerudi?" akauliza.

"Hakufuatwa," Maryam akasema. Akafunga kitabu, akakitia kwapani, akaenda zake stendi.

Waride alijiuliza: Hakufuatwa akarudi mwenyewe, au hakufuatwa akapotea moja kwa moja? Mudathiri akamgeukia. "Mwalimu, hapo ndiyo kusema nini? Niandike?"

Subira yote ya likizo ikamwishia Waride palepale. Akapaza sauti ambayo wanafunzi wa kidato cha pili wanaijua. "Ndiyo kusema mfuate! Mwanamke kaenda kwao, kakaa anakungoja umfuate na wazee wako, wewe umekaa hapa unakunywa kahawa! Kitabu kinaondoka, mkeo anaondoka, simama!"

Mudathiri akasimama, akakimbia. Wengine walisikia kitabu kinaondoka tu, na mambo yao yote yamo humo, wakakimbia pia. Salumu alisahau kuliweka chini birika. Mzee Abdulhalim alikimbia ameshika kofia. Waride alijifunga mtandio kiunoni akawapita karibu wote, maana kile kitabu ni chake.

Maryam alikuwa ameshakaa ndani ya gari, Noah ya kwenda Nyamisati, kitabu mapajani.

"Umefuata nini?" akamuuliza mumewe.

Mudathiri alihema. Nyuma yake wazee walijipanga, kofia na birika, wanahema vilevile, na yeyote aliyepita pale angedhani ni ujumbe wa suluhu uliotumwa rasmi.

"Nimekufuata wewe."

"Na mashine?"

"Italala nje."

"Ikiibwa?"

Mudathiri aliumia kweli. "Iibwe," akasema.

Maryam akamwangalia Waride, ambaye mkono alikuwa ameshaunyoosha dirishani. "Na wewe mwalimu, umefuata nini?"

Vidole vya Waride vilikuwa karibu kabisa kuligusa jalada. Akamwona Mudathiri akiufuatilia ule mkono kwa macho, tayari anataka kuuliza Tunu ilikuwaje. Kitabu kikirudi benchini, na yeye kesho atarudi benchini.

"Mimi nimemsindikiza shemeji," Waride akasema, akaurudisha mkono. "Kitabu ni chako."

Maryam akakiweka kitini, akakikalia, akasogea kumpisha mumewe.