Wenzo wa Mafuta Upande wa Kushoto

Kwa miezi mitatu fundi cherehani alimwomba Mungu jambo moja tu: dada yake akiiona ndege ndogo ya mfano aliyokuwa akimuundia, asiseme "nzuri."

Tangu mikono ianze kumtetemeka akaacha urubani, dada mtu alikuwa akisema "nzuri" kwa kila kitu. Shati zuri, mvua nzuri, habari nzuri. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayefunga mlango taratibu asiamshe watu. Zamani, alipokuwa akinyunyizia mashamba dawa kwa ndege yake ya kiti kimoja, hata chai ya mdogo wake haikusalimika na ulimi wake.

Basi fundi akaamua kumjengea upya chumba chake cha rubani. Ndege ya kuunganisha aliyoinunua ilikuja ndani ya boksi, na kiti kama kizibo cha chupa tu. Akakitupa. Akakata mikanda kwenye utepe wa karatasi, akakunja vifungo vyake kwa waya wa chaja mbovu. Saa za dashibodi alizichora kwa ncha ya sindano, kisha akazidondoshea rangi ya kucha ya mkewe, ile isiyo na rangi, ziwe na kioo. Vyote hivyo vingeenea ndani ya kiberiti.

Jumamosi asubuhi dada akaja. Nusu mbili za mwili wa ndege zilikuwa bado hazijagandishwa. Zikishafungwa, hata kibano hakiingii tena. Fundi akampa kioo cha kukuzia.

"Nzuri," dada akasema.

"Basi nifunge?" Fundi akachukua gundi.

"Funga." Kisha dada akafumba macho. Mkono wake wa kulia ukashika usukani usioonekana. Wa kushoto ukapapasa hewani, ukarudi, ukapapasa tena. "Hebu ngoja. Wewe! Wenzo wa mafuta uko wapi?"

"Si huo hapo, hicho kijiti cha kulia."

"Kulia! Kulia nimeshika usukani. Injini niiongezee moto kwa meno?"

"Nimefuata picha yako ukiwa rubani, dada. Nimeipima mara tatu."

"Picha ipi? Ile aliyonipiga makanika kasimama nyuma yangu?"

Miaka thelathini fundi amepima watu waliomwelekea. Kulia kwao ni kushoto kwake, naye hugeuza bila kufikiri. Safari hii alikuwa amemgeuza mtu aliyempa mgongo.

"Umenipima kama suti!" Dada akacheka mpaka akashika meza. "Ng'oa!"

Fundi akaung'oa wenzo kwa kibano. "Niuweke hapa?"

"Hapo goti langu likae wapi? Lete, nitauweka mwenyewe."

Kibano kikacheza mkononi mwa dada. Wenzo ukaanguka mara ya kwanza, ukaanguka mara ya pili, gundi ikapakaa kwenye kiti. Fundi alitamani kumsaidia, akauma mdomo. Dada akaegemeza kiwiko kwenye cherehani, akashika kifundo cha mkono kwa mkono wa pili. Wenzo ukasimama, umeinama kidogo.

"Ndivyo ulivyokuwa?" fundi akauliza.

"Wapi! Umepinda. Ukikauka tunaung'oa tena. Na mikanda hii mipya umeitoa wapi? Yangu ilikuwa imechakaa kama tambara la jikoni."

Fundi akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akaifunika gundi. "Kingine kibaya ni kipi?"

"Vuta kiti," dada akasema. "Hatujafika hata kwenye dashibodi."