Mpangaji wa Nyuma ya Kabati

Mtafiti aliyepita nyumba kwa nyumba kuandika hali za kaya alizoea kudanganywa. Watu wakiulizwa habari za umaskini wao, ghafla hujikuta wana shida chache. Lakini familia ile ya chumba na sebule ilimtoa jasho kwa kusema kweli tupu.

"Vijana wangapi wanaishi hapa, mama?"

"Hakuna," alijibu mama, mshona mapazia. "Tulikuwa na mmoja, mtu mzima, fundi wa friji. Amehama." Akajifuta machozi.

"Amehamia wapi?"

Mama akanyoosha kidole kwenye kabati la nguo lililosimama katikati ya sebule. "Pale."

Mtafiti akacheka. Akajikuta anacheka peke yake.

Baba, mlinzi mstaafu, akamweleza taratibu. Kijana alichoka kutaniwa kazini kwamba bado analala kwa mama. Vyumba vya kupanga vilitaka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na yeye hakuwa na ya mwezi. Basi akalivuta kabati likawa ukuta, akang'oa ubao wa nyuma, akatandika godoro upande wa pili. Anaingia kwa mlango wa kabati, katikati ya magauni ya mama yake.

"Siku anahama nilimfungia shuka na sahani," mama alisema. "Nililia mpaka sauti ikakauka."

"Nami nilimwambia asitusahau," baba akaongeza.

Mtafiti akakuna kichwa. Ofisini kwao sheria ilikuwa moja: wanaokula chungu kimoja ni kaya moja, walale watakapolala. Akaitamka kwa sauti. Kabati likakohoa.

"Dada," sauti ikatoka ndani, "yaani nikila chakula cha mama, nimerudi nyumbani?"

"Kwa taratibu zetu, ndiyo."

"Basi mama, usinipakulie tena."

Wiki iliyofuata mtafiti aliporudi kumalizia maswali, mama alimpokea kwa uso uliokunjamana. "Umeniulia mtoto, wewe! Anakula mikate mikavu. Namsikia akitafuna, nami nimekaa hapa hapa!"

Mtafiti akapiga hodi kabatini.

"Karibu. Vua viatu."

Akapenya kati ya magauni, kifungo kikamnasa nywele. Ndani palikuwa na godoro, ndoo, shati kwenye msumari, na mwanamume aliyebonyea mashavu.

"Kaka, kula bwana."

"Dada yangu, sina gari, sina mke, sina kiwanja. Nilichonacho ni kwamba nimehama. Nikila pale, hata hicho kimekwenda."

Mtafiti akakaa ukingoni mwa godoro. Miaka yote aliwaandika watu kama huyu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumkaribisha kwake. Akawaza.

"Na mgeni je?" akasema. "Mgeni akialikwa akala, hatumhesabu pale. Anabaki wa kwake."

Macho ya kijana yakang'aa, kisha yakafifia. "Sijaalikwa."

Mtafiti akachomoka kabatini, gauni moja likimfuata begani. "Mama, mwalike!"

"Mwanangu mwenyewe?"

"Kama mgeni!"

Mama akatazama huku na huku, akashika kiuno. "Mgeni, na sebule chafu hivi?" Wakafagia. Baba akavaa koti. Mwaliko ukapelekwa na mtafiti, na jibu likaja kwamba atajitahidi.

Jioni kijana akatoka kabatini, shati limenyooshwa. Akawapita wote bila salamu, maana alikuwa bado hajafika. Akatoka nje, akafunga mlango.

"Hodi!"

"Karibu!" baba akaruka. "Mke wangu, njoo uone nani kaja!"

"Umepotea mno, baba," mama akamshika mashavu. "Na umekonda!"

"Kazi tu, mama. Na kwangu kule si unapajua."

Mama akampakulia mlima, na alipoumaliza akampakulia mwingine. Alikula mpaka akafungua kifungo cha suruali. Mama akamsihi alale. Akakataa kwa upole. Hakupenda kuacha nyumba peke yake.

Baba akamsindikiza. Walipofika katikati ya sebule, mbele ya kabati, wakasimama, kama wasindikizanao wanavyofanya, wakaanzisha mazungumzo mapya kabisa: friji za siku hizi, goti la mzee, jirani aliyenunua mbwa.

Mtafiti akafungua mdomo kuuliza swali lake la mwisho. Mama akamgusa mkono.

"Waache kwanza, mwanangu. Hawajaonana siku nyingi."