Siku Saba za Kuchimba Vyoo

Ripoti ile niliiandika mimi, Kosmasi, bwana afya wa Bwera, na niliiandika nikiwa nimewaka hasira. Wiki hiyo tulizika watoto watano kijijini Nyakiyumbu, wote kuhara damu, na baba zao wakanionyesha migomba nilipouliza vyoo viko wapi. Choo! Wao na migomba yao! Basi nikarudi ofisini, nikashika kalamu: kila nyumba ichimbe choo ndani ya mwaka mmoja, na nguvu itumike, maana bila nguvu watu hawa hawachimbi. Nikagonga muhuri. Nilijiona mwanamume kweli.

Mwaka ule wa sabini na tatu serikali ilikuwa ya wanajeshi. Mjinga mimi, sikufikiri watu wa aina hiyo wakisoma neno nguvu wanaelewa nini.

Karatasi ikapanda. Bamwine, karani wa wilaya kule Kasese na rafiki yangu, alinisimulia baadaye ilikopitia. Mkubwa wake hakutaka kuonekana mzembe, akafuta mwaka akaweka miezi sita. Wa mkoani akaweka miwili. Kampala wakaitana mezani, mabwana wanane na chai yao, hakuna hata mmoja aliyewahi kushika sururu, wakakubaliana mwezi mmoja: Bwera ijaribiwe kwanza, na ikifaulu iwe sera ya nchi nzima. Ilipofika kambini kwa wanajeshi ikawa siku saba. Kila meza ilipunguza siku, ila nguvu waliiacha kama nilivyoiandika.

Jumamosi moja Sajini Muhamood akaitangaza sokoni. Jumamosi ijayo, nyumba isiyo na choo inachomwa moto, na mwenye nyumba atajuta kuzaliwa.

Wenye misuli walichimba wenyewe. Wajane, wazee na wagonjwa wakamkimbilia Nzanzu, Mkongo aliyekimbia vita kwao Butembo, akaoa na kujenga hapa kwetu. Kwenye ardhi ya mawe hapakuwa na mchimbaji kama yeye. Shimo moja kwa siku, alfajiri mpaka magharibi. La kwake alisema atalichimba Ijumaa, siku ya mwisho.

Ijumaa asubuhi nikaenda kumchukua. Choo changu mwenyewe, cha bwana afya, kilikuwa kimebomoka tangu mvua za Aprili na sikuwa nimekigusa. Aibu gani hiyo! Mkewe Laurentine alisimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Bwana Afya, leo ni siku yetu," akasema. "Kesho basoda beko nakuja. Ya kwetu atachimba saa ngapi?"

"Usihofu, mama. Askari wakija kesho nitakuwa na Sajini mimi mwenyewe. Nitamweleza."

Nzanzu akacheka. "Wacha, bibi. Bwana Afya iko mutu ya kwetu." Akabeba sururu tukaondoka, akanichimbia mpaka jua likazama.

Jumamosi wakaja na lori. Mzee Samsoni alikuwa amesimamisha kibanda cha nyasi bila shimo ndani, akidhani watahesabu vibanda tu. Wakamvunja meno kwa kitako cha bunduki, wakaichoma nyumba yake na kuku wakiwa ndani. Mwanamke mmoja aliyebisha wakamburuta kwa nywele hadi barabarani, wakamkanyaga. Mimi nilifuata nyuma na daftari, nikitia alama nyumba kwa nyumba.

Kwa Nzanzu hapakuwa na shimo.

"Wewe! Iko wapi choo?" Muhamood akafoka.

"Afande, nimechimbia batu sita. Yangu nachimba leo, sasa hivi."

"Jana ulichimba ya nani?"

Nzanzu akanitazama. Nilikuwa nimeahidi, na maneno yote nilikuwa nayo mdomoni: ni changu, siku yake nilimnyang'anya mimi. Lakini nikisema, anayelazwa chini ni mimi. Nikainamia daftari.

"Ya mutu moya," Nzanzu akajibu taratibu.

Wakamlaza kifudifudi. Kiboko cha kwanza kilichana shati, cha tano kikachana ngozi, na kufikia cha ishirini askari alichoka akampokeza mwenzake. Laurentine akajitupa juu ya mumewe. Buti likamrusha pembeni na mtoto wake. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka.

"Mwacheni! Jana alichimba kwangu! Na karatasi hiyo niliandika mimi! Niliandika mwaka mmoja, si siku saba!"

Muhamood akaitoa karatasi mfukoni, akaitazama, akanitazama. Nikajua nimekwisha. Yeye akaangua kicheko, akanipigia saluti.

"Kumbe ni wewe umeandika nguvu! Mkubwa mzima, unatembea nyuma!" Akanitia kiboko mkononi, na mwenzake akaniwekea mtutu wa bunduki shingoni. "Haya, maliza kazi yako."

Nilimpiga Nzanzu mara sita. Cha kwanza nilikipiga polepole, mtutu ukanichoma shingo. Vilivyobaki nilivipiga kama walivyotaka.

Alikufa Jumanne, akikojoa damu. Nilikwenda msibani nikidhani Laurentine atanifukuza. Alinitaka kitu kimoja tu.

"Andika jina yake," akasema. "Kule Kampala bajue kama mutu alikufa, na alikuwa anaitwa Nzanzu."

Haukupita mwezi, barua ikashuka kutoka Kampala: majaribio yamefaulu, vyoo mia nne, bwana afya alete maoni yake ya mwisho kabla sera haijapitishwa. Nikaandika yote. Jina lake, viboko vyake, na vile sita vyangu. Nikaandika kwamba wasiojiweza walikuwa wengi na mchimbaji mmoja, kwamba siku saba ndizo zilizomuua, na kwamba nguvu ifutwe kabisa. Nikaituma. Wakati ule watu walitiwa kwenye buti la gari kwa maneno machache kuliko hayo, na kila gari lilipopunguza mwendo karibu na ofisi nilikimbilia mlango wa nyuma.

Hakuna aliyenijia. Walinishukuru kwa barua! Sera ilipotoka, nikaipeleka kwa Laurentine, nikamsomea nikitafsiri kutoka Kiingereza. Siku saba zilikuwemo. Nguvu ilikuwemo. Kilichoongezwa ni kifungu kimoja, kwa ushauri, walisema, wa bwana afya wa Bwera: kila gombolola, yaani tarafa, iwe na wachimbaji watatu, kwani imeonekana mmoja hatoshi.

Laurentine akasubiri. Alidhani bado naendelea.

"Na jina yake?" akauliza. "Iko wapi?"

"Halimo, mama."

Akaichukua karatasi, na kusoma hajui, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka chini kabisa, akaigeuza, akatazama na nyuma. Kisha akanizaba kofi. Akanizaba la pili, na la tatu, mpaka damu ikanitoka puani, na mimi nimesimama pale pale namngoja achoke.