Ukisikia Maumivu, Inua Mkono

...wala si kwamba Reino Haapala anaziogopa benki, mtu hawezi kuogopa kitu alichokipelekea mshahara wake kila mwisho wa mwezi tangu alipooa, anachoogopa ni kwamba muda si mrefu atainuka kwenye kiti hiki, shavu limelegea upande mmoja, na mkewe Sirkka atakuwa pale kwenye chumba cha kungojea, koti keshalifunga mpaka kidevuni, atauliza, Haya, tunavuka au hatuvuki? maana tawi la benki liko ng'ambo ya barabara na miadi ni saa tisa, na Reino aliahidi kwa kinywa chake mwenyewe, kinywa hikihiki ambacho sasa kimejaa vidole vya watu wawili, kwamba leo atasema ndiyo au hapana... "Panua zaidi, Reino, hivyo hivyo," anasema Daktari Pelletier, "ganzi imeshika, lakini ukisikia maumivu inua mkono wa kushoto, usije ukanikamata mimi kama Lauri mwenzako wa kiwandani jana, almanusura nimtoboe ulimi," na Darlene, anayeshika mrija wa kunyonya mate, anacheka, "Lauri yule! Mwanamume mzima, anaita mama yake," na mashine inaanza kulia ndani ya fuvu la Reino, gego la nyuma linanuka kama kwato iliyoungua, hata halikuwa linauma sana, angeliacha mwaka mwingine, ila bima ya kiwanda inakwisha mwisho wa mwezi huu na wanaume wote wa kiwanda cha karatasi wamekumbuka meno yao kwa pamoja, huwezi kuingia hapa bila kumkuta mwenzako wa zamu ameshika shavu, na wote hao wana kiinua mgongo kimoja na swali moja, uweke wapi, uweke wapi, na jibu pia ni moja, nunua hisa za benki, zile kubwa, usiguse, ule gawio... Sirkka ndiye aliyeanza, tena alichagua mahali, mjanja yule, Jumamosi ndani ya sauna, kile chumba cha mvuke, anajua kabisa watu wao, Wafini wa Kanada, hawagombani ndani ya sauna, hata baba yake Reino aliyegombana na kila kiumbe alinyamaza akishakalia ubao, basi Sirkka akamwagia maji mawe, mvuke ukapanda, akasema taratibu, "Baba Kaija, kiwanda kimefungwa. Mgodi ulifungwa. Kanisa letu limefungwa na sasa ni ukumbi wa mazoezi. Umeshaona benki imefungwa?" naye Reino akasema, "Ya pale mtaani kwetu imefungwa," na Sirkka, "Lile ni tawi, usinichezee," na huo ndio ukawa mjadala wote, Reino akanyamaza, jasho likamtiririka, na kule kunyamaza kukahesabiwa kuwa kukubali, Jumatatu asubuhi miadi imeshawekwa.

"Nyote mmoja mmoja mnaniuliza benki," anasema Pelletier, kana kwamba Reino ameuliza kitu, "na mimi nawaambia, mimi ni fundi wa meno, lakini nina hisa zangu humo tangu nilipomaliza chuo, nazinunua zikipanda, nazinunua zikishuka, nalala usingizi mnono. Na wewe umeamua?" "Aaa," anasema Reino. "Safi kabisa," anasema Pelletier... hakusema kitu, jamani, amesema aaa, lakini ndivyo mambo yanavyokwenda, mtu anafumbuliwa mdomo kwa chuma, anaulizwa, kisha wanamjibia wenyewe... na ukweli ni kwamba Sirkka hana kosa, Reino anajua, Sirkka anaogopa, usiku anasikika akigeuka, mama yake alimalizia maisha kwenye chumba cha kanisa cha kulelea wazee maskini, na jirani upande wa pili yupo Bi Halonen, mjane wa tarishi, ambaye mumewe alikuwa akinunua hisa kidogo kidogo kila mshahara, watu wakimcheka kwa lile koti lake la viraka, sasa Bi Halonen anakwenda Florida kuota jua theluji ikianguka na anarudi Aprili kakauka kama samaki wa moshi, na Sirkka kila Aprili anamtazama akishusha masanduku na hasemi kitu, na kutosema kwa Sirkka ni kuzito kuliko kusema, ni kama anasema, hisa zile zinatoa gawio tangu enzi za bibi zetu, Reino, vita vimepita, njaa imepita, hazijakosa... baba yake angesemaje, baba yake mtu wa ushirika, ambaye benki hakuingia hata kujikinga na mvua, aliyeweka pesa zake kwenye chama cha akiba cha Wafini na nyingine kwenye kopo la kahawa, na kopo lile walipolifungua baada ya mazishi noti nyingine zilikuwa zimekwisha kuacha kutumika, wakacheka huku wanalia, basi usimfuate baba, Reino, usiwe mjinga wa kopo, si umeona wenzake walivyotajirika... na ubaya uko wapi, hisa ni hisa, utanunua kipande cha lile jumba refu la vioo la benki, kila miezi mitatu wakuletee chako, miaka yote wamekula kwako, sasa nawe ule kwao, ndivyo asemavyo Sirkka na ndivyo asemavyo kila mtu kuanzia hapa mpaka Winnipeg...

"Geuka kwangu kidogo, mpenzi," anasema Darlene, na shingo inageuka, sasa anaona dirisha, barafu imening'inia kwenye paa, na chini yake, ng'ambo, mlango wa benki, mwanamke anakung'uta matope ya theluji viatuni, anaingia, anakwenda kufanya nini humo, kulipa, watu wanaingia kulipa, nani mwingine anaingia... Kaija... ee Mungu, Kaija binti yao alipiga simu Jumapili kutoka mji wa Barrie, alikuwa na sauti ile ya furaha ya uongo, mkopo wa nyumba unafanywa upya mwezi wa tano, ile miaka mitano ya riba ndogo inakwisha, na riba mpya ni zaidi ya maradufu, "lakini usijali, Baba, tumeshajipanga, nimepata zamu za wikendi pale duka la dawa," na mjukuu wetu Maddie je, hoki ya barafuni inaendeleaje? "Aa, hoki ameichoka, Baba, watoto unawajua," na Reino akasema ndiyo, watoto, akakata simu, na akajua ni uongo, mtoto anayelala na jezi ya timu yake mpaka anyang'anywe kwa nguvu ioshwe, hawezi kuichoka hoki kati ya Krismasi na Machi, hajaichoka, ameachishwa... na zile pesa Kaija anazoongezewa kulipa zinakwenda wapi, zinakwenda mle, kwenye jumba la vioo, na kutoka mle zitatoka nini, gawio, na gawio litakuja kwa nani, kwa Baba, kila miezi mitatu, asante sana, Bwana Haapala, hivi ndivyo viatu vya barafu vya mjukuu wako... hapo anaona aibu mpaka masikio yanawaka, amelala chali chini ya taa kama samaki mezani na hakuna pa kuficha uso... na bado si hilo tu, yule kijana wa pensheni ya kiwanda aliyekuja ukumbini kuzungumza nao na tai yake, si alisema huku anatafuna mkate wa mayai kwamba mfuko wao umejaa hisa za benki, imara kabisa, msiwe na shaka, na akiba ya Sirkka vilevile, benki, kumbe yeye Reino anakaa hapa anajiuliza aingie asiingie, na yumo, alikuwa humo siku zote, mlango umefungwa nyuma yake zamani na hakuusikia... "Karibu tunamaliza kuchimba," anasema Pelletier, "lilikuwa limeoza chini kwa chini, juu linaonekana zima," ... sasa afanyeje, apeleke zile pesa kwa Kaija, wakifanya upya mkopo unaruhusiwa kupunguza deni kwa mkupuo mkubwa bila faini, aliwahi kumsikia Lauri akilisema, mkopo upungue, zamu za wikendi ziishe, na hata hapo pesa zitakwenda benki ileile, hahaha, haziendi pengine, hapa ndani hakuna mlango wa kutokea barabarani, kuna milango ya kupishana tu, lakini zikipitia mlango wa Kaija, Kaija anatoka hatua moja, na Sirkka hataona Florida, Sirkka atalia, au hatalia, atanyamaza, na Reino ataishi na kunyamaza huko mpaka kufa, kila theluji ikianguka na masanduku ya Bi Halonen yakipakiwa... hapana, Sirkka, hapana, ndilo neno lenyewe, fupi hivyo, hakulisema kwenye sauna, alijisingizia desturi ya sauna, desturi gani, alikuwa mwoga, na sasa analo, liko pale nyuma ya ulimi, analijaribu, na ulimi umekufa ganzi, hautikisiki, haya tazama, siku ambayo hatimaye ana la kusema...

Mkono wa kushoto unainuka. Mashine inanyamaza. "Inauma?" anauliza Pelletier, macho yake makubwa juu ya barakoa. Jino haliumi hata chembe. "Aaa," anasema Reino, "aaa," na chozi linamtoka kwenye kona ya jicho na kuingia sikioni. "Maskini, kweli inamuuma," anasema Darlene, anampangusa, "hawa wakimya ndio wanaoumia zaidi," na kule nje, kwenye chumba cha kungojea, Sirkka anakohoa kikohozi chake cha kuonyesha kwamba saa inakwenda. "Usijali, bwana, tunaongeza ganzi," anasema Pelletier, sindano inaingia, shavu linakufa kabisa mpaka puani, mashine inaanza tena kulia, na mkono wa Reino bado uko juu.