Mkono wa Kulia wa Alya

Kifuniko cha sufuria kilikwaruza sakafu polepole, kama kinawekwa chini na mtu asiyetaka kusikika. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Darasa letu la jioni lilikosa taa, mwalimu akaturudisha mapema. Nilisimama kwenye mlango wa jiko, mkoba ungali begani.

Ndani walikuwamo mama mkwe wangu Radhia na binti yangu Alya, wa miaka sita.

Tangu chupa ya mawese ilipompasukia na kumkata kifundo cha mkono wa kulia, Alya hakusikia kitu kwenye gumba na vidole viwili vinavyofuata. Daktari aliunganisha mshipa wa fahamu, kisha akanichorea kwenye kikaratasi mambo yalivyo. Nyuzi zilizo upande wa vidole hufa, lakini ala zake hubaki kama vijia vitupu. Nyuzi mpya huchipuka juu ya mshono, ncha zake zikipapasa njia, maana mwilini kuna vitu vya kuziita huku na vya kuzifukuza kule. Ndivyo zilivyofika vidoleni mara ya kwanza, Alya akiwa tumboni mwangu. Hurefuka kama unene wa ukucha kwa siku, na nyingine hupotea zikaingia kijia cha jirani. Nilikikunja kile kikaratasi, nikakiweka kifuani.

“Asiguse cha moto,” daktari alisema. “Ale kwa kushoto kwanza.”

“Kwa kushoto anakula shetani, mama Alya,” mama mkwe aliniambia siku ileile. “Huyo daktari wako hana bibi?”

Halafu nikaona lengelenge kwenye ncha ya kidole cha mtoto.

“Iko mbu,” mama mkwe alisema.

“Mbu wa Rumonge siku hizi wanachoma kama makaa, mama?”

Tangu hapo, kila nikigusa vidole vya Alya, alisema “nasikia” upesi, huku macho yake yakimtafuta bibi yake. Mdomo wake ulinukia maandazi ambayo mimi sikununua. Mume wangu alikuwa Bujumbura akiuza ndagala zake, vile visamaki vidogo vya ziwani, hakuna wa kumuuliza. Mchana huo nilikuwa nimefunga nguo za mtoto: kesho asubuhi nampeleka kwa dada yangu Nadia, Magara.

“Munafanya nini gizani, mama?” nikauliza pale mlangoni.

“Tunakula,” mama mkwe akasema.

“Kwa mukono gani?”

Nilipapasa hadi kwenye sahani. Bugali ilikuwa baridi, ngumu kama sabuni.

“Imepoa tangu alasiri,” mama mkwe alisema. “Siku ya kwanza sikujua kama iko moto hivyo. Alichovya, hakulia, mimi ndiye nikalia. Sasa ninaipoza.”

“Na mukajificha.”

“Ningekula wapi naye, mbele yako na kile kikaratasi? Mukono usiotumika unasahau kazi. Na sasa anasikia. Muguse umuulize.”

“Umemufundisha kujibu, mama. Andazi moja kwa kila ‘nasikia’.”

“Maandazi ni ya kumaliza sahani. Niape?”

“Usiape.”

Nilimpakata Alya. Moyo wangu ulitaka kuamini, na hicho ndicho kilichonitisha. Mtu mwenye tamaa ya jibu hudanganywa kwa urahisi. Nilitoa kijiko kwenye mtungi wa maji, nikakigusisha kwenye gumba lake.

“Unasikia?”

“Nasikia. Hapa.” Mkono wake wa kushoto ukaja kunionyesha, ukashika kidole cha shahada. “Nimegusa gumba, ameonyesha cha shahada,” nikasema.

Mama mkwe akaguna. “Unaona sasa, anakosea. Huyo daktari wako amefunga kamba vibaya.”

Nami nikakumbuka nyuzi zilizopotea njia. Lakini je, kama mtoto alikuwa anabahatisha tu? Nilikigusisha tena, kwenye kidole cha kati.

“Na sasa?”

“Nasikia.”

Jibu lilelile, upesi uleule. Basi nikakiinua kijiko mbali, nikakishika hewani, wala sikuusogeza mwili. Giza lilikuwa zito. Hakuna aliyeweza kuona mkono wangu.

“Na sasa, mwanangu, unasikia?”

Nikasikia mama mkwe ameshika pumzi.

“Mama,” Alya akasema, “haujanigusa.”